Gereji bubu: historia isiyo na saini

Kwanza niwatoe hofu: leo nikisema bodi sizungumzii ile ya mikopo. Nazungumzia bodi ya gari, yaani bati lenyewe, lile linalobonyea, linaloliwa na kutu na kunyooshwa na mafundi wetu chini ya miembe. Na kabla hamjauliza mwanafunzi wa ualimu, tena wa somo la Historia, anatafuta nini gereji, nijibu kabisa. Kuna swali linanisumbua na halimo kwenye muhtasari wa kozi yoyote niliyosoma hapa chuoni. Kazi ambayo ikifanywa vizuri haionekani kabisa, historia yake ataiandika nani?

Nianzie mbali kidogo, Japani, halafu turudi nyumbani Kilosa.

Huko Japani, katika mji wa Zama, kampuni ya Nissan imehifadhi mamia ya magari yake ya zamani. Mojawapo ni Datsun 240Z jekundu lenye boneti nyeusi. Ni gari la michezo la milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda sita yenye ujazo wa 2,393 cc. Modeli hiyo ilitoka mwaka 1969. Kwa walio nje ya mambo ya magari, jambo moja la kuelewa ni kwamba gari la aina hii halina chasisi ya peke yake kama lori. Bodi ndiyo mifupa na ndiyo ngozi. Injini, viti, matairi, vyote vinashikwa na bati lililokunjwa na kuunganishwa kwa kuchomelea. Kwa hiyo kutu ikiingia ndani ya mikunjo ya bati, gari halijaharibika sura tu, limevunjika mgongo. Na hizo 240Z zilikuwa maarufu kwa mambo mawili: mwendo na kutu.

Sasa hilo jekundu la Zama lina uhusiano na sisi. Ndilo lililoshinda East African Safari Rally mwaka 1971.

Wengi wetu tunajua Safari Rally kama mambo ya Kenya, hasa tangu irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 kule Naivasha. Lakini ilipoanza haikuwa hivyo. Ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 ikaitwa East African Safari. Ilikuja kuwa desturi kuiendesha wakati wa Pasaka, na kila mtu aliyekulia huku kwetu anajua Pasaka inaangukia wapi kwenye kalenda ya mvua. Masika! Barabara ya vumbi inageuka uji, mto unakatiza njia, na jiwe lililojificha kwenye tope halina adabu kwa gari la mzungu wala la Mswahili.

Mwaka 1971 mshindi alikuwa Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na Hans Schüller. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta na Mike Doughty, nao wakiwa na 240Z. Huyo Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia, Mehta akahamia Kenya, na mwaka 1973 akaibuka mshindi akiwa na Lofty Drews. Ushindi wenyewe ulikuwa wa kukata roho: pointi zilikuwa sawa na za Harry Källström, ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Baadaye Mehta alishinda tena miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Mnaona jinsi historia hii ilivyokamilika? Majina, miaka, pointi, hata sababu ya kumpa mtu ushindi zimeandikwa. Dereva ana jina, msoma ramani ana jina, gari lina jina. Sasa niambieni jina la mtu aliyeinyoosha bodi.

Maana bodi ilinyooshwa, hilo halina ubishi. Gari haliendi maelfu ya kilomita kwenye mawe na matope bila kugongwa. Madigadi ikibonyea ikagusa tairi, tairi inakatwa, kwa hiyo lazima kuwe na mtu wa kushuka na mtaimbo kuivuta nje hapo hapo, usiku, mvua inanyesha. Magari yakirudi Nairobi, kuna watu waliofungua, wakagonga, wakachomelea, wakapaka rangi upya ili gari liuzwe au lishindane tena mwakani. Orodha ya washindi haina safu ya watu hao.

Hapo ndipo lile gari la Zama linaponivutia. Mwaka 2013 klabu ya wafanyakazi wa Nissan, watu wanaofufua magari ya zamani ya kampuni yao kwa kujitolea, walilishughulikia. Mitambo ilirekebishwa hadi gari likawaka na kutembea tena. Lakini mibonyeo na mikwaruzo ya bodi ikaachwa. Hawakuinyoosha. Kwa nini? Kwa sababu kwao ile mibonyeo ni sehemu ya gari kama injini ilivyo. Ukiipiga nyundo na kuifunika rangi mpya, unapata gari zuri, lakini umechoma nyaraka. Kwa lugha ya darasani, bodi ile ni chanzo cha awali.

Nilifurahia sana hoja hiyo, nikaona nimepata mfano wa kuwafundishia watoto siku nikienda kwenye mazoezi ya kufundisha. Nikaenda kumwonyesha Mjomba.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi bodi. Sisi ni Wakaguru, na Mkaguru anahesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kumsalimia na kupita. Alizaliwa Berega kama sisi, akajifunza kazi kwa kushika tochi na kuchota maji ya kupozea bati, na kwa miaka mingi sasa anafanyia kazi Morogoro mjini. Gereji yake ni ile ambayo Watanzania tunaiita gereji bubu. Haina kibao, haina leseni ya kubandika ukutani kwa sababu ukuta wenyewe haupo. Kuna mwembe, mtungi wa gesi, na magari matatu yasiyo na milango.

Nilimpa shikamoo, nikamwonyesha picha ya 240Z kwenye simu. Aliikuza kwa vidole viwili akaiangalia kimya. Halafu akaanza kuisoma. Hapa limepigwa na jiwe, hapa limekwaruzwa na kitu kirefu, na hapa mtu ameshawahi kuvuta bati kwa haraka kisha akaliacha. Mimi nilikuwa nimeona gari chakavu. Yeye aliona mfululizo wa matukio. Jamani, tumekaa semina ngapi tukifundishwa jinsi ya kuhoji chanzo?

Nilipomweleza kwamba Wajapani waliamua kuiacha hivyo, hakukubaliana nao hata kidogo. Alisema, kwa ufupi, kwamba anayeweza kuacha gari na mibonyeo ni yule asiyehitaji kuliuza. Mteja wake yeye ni dereva wa teksi ambaye gari likionekana limegongwa, abiria anapanda lingine. Ni mwalimu aliyekopa akanunua gari la mitumba, na anataka alirudishe sokoni bila mnunuzi kujua lilipinduka. Mteja akiona alama ya nyundo, hamalizii malipo. Kwa hiyo kazi ya Mjomba ni kuhakikisha kwamba hakuna kilichotokea. Ajali haikuwepo, na yeye hakuwepo.

Tafakari hapo ndugu msomaji. Mchoraji anaweka saini pembeni ya picha. Seremala anaweza kusema kile kiti nilikitengeneza mimi. Fundi bodi analipwa kwa kufuta, na kitu cha mwisho anachofuta ni alama yake mwenyewe.

Ili muelewe ni ujuzi gani unafutwa hivyo, nieleze kazi inavyokwenda. Bati lililobonyea halisukumwi tu likarudi. Likigongwa, linatanuka. Ukilipiga upande wa pili ovyo ovyo unalitanua zaidi, linabaki na tumbo linaloingia na kutoka ukilibonyeza, kama mfuniko wa kopo. Kwa hiyo fundi hushika pande la chuma kwa ndani na nyundo kwa nje, akagonga taratibu kuzunguka, akianzia pembeni mwa mbonyeo ambako bati lilijikunja mwisho, ndipo aingie katikati. Likiwa limeshatanuka, anachoma doa dogo kwa gesi hadi liwe jekundu, anagonga kuzunguka doa hilo, kisha anapoza kwa kitambaa chenye maji. Bati linasinyaa. Doa moja, halafu lingine. Ukizidisha moto, umeliharibu zaidi ya ajali yenyewe.

Baada ya hapo anapitisha tupa juu juu. Tupa ikigusa panang'aa, isipogusa panabaki peusi, na hapo ndipo penye bonde. Lakini kipimo kikubwa ni kiganja. Mjomba anafumba macho kabisa, anapitisha mkono juu ya bati, anasimama mahali ambapo mimi naona pamenyooka kama kioo, anasema bado. Na kipimo kingine ni sikio, kwa sababu nyundo ikipiga palipo na pande la chuma nyuma yake ina mlio wake, ikipiga patupu ina mlio mwingine.

Kuna njia ya mkato, nayo ni pati, ule uji mzito unaochanganywa na dawa ukagandishwa juu ya bonde kisha ukasuguliwa kwa msasa. Zamani mafundi wa Ulaya na Marekani walijaza mabonde kwa risasi iliyoyeyushwa. Pati za plastiki zikaenea kuanzia miaka ya 1950 kwa kuwa ni rahisi na hazihitaji moto. Pati kidogo haina ubaya. Lakini wapo wanaojaza pati nene juu ya kutu, na baada ya masika mawili inapasuka na kudondoka kama chapati. Wenye kununua magari, chukueni sumaku ndogo mfungie kwenye kitambaa. Isiponata kwenye bodi ya chuma, chini kuna pati. Huo ushauri ni wa bure.

Sasa historia. Kwa nini nchi yetu ina watu wengi wenye ujuzi huu? Mimi naona jibu ni uhaba. Angalia mfululizo: bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977 na mpaka na Kenya ukafungwa, halafu vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Fedha za kigeni zilikauka. Mtu mwenye gari hakuwa na spea ya kuagiza wala gari jipya la kununua. Mlango ukioza, hununui mlango, unakata kipande kilichooza na fundi anakutengenezea kingine kutoka kwenye bati la pipa. Hali ilianza kulegea mwaka 1984, watu waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe, na baada ya hapo magari ya mitumba kutoka Japani yakaanza kumiminika. Yaani kizazi cha mafundi kilichofundishwa na dhiki ndicho kilichopokea mafuriko ya magari yaliyogongwa. Kenya nao walikuwa na watu hao hao chini ya jina la jua kali, na kwenye miaka ya 1980 serikali yao ilianza kuwatambua rasmi. Wao waliitwa kwa jua linalowachoma. Sisi tukawaita bubu.

Jina hilo limenikaa kichwani. Gereji si bubu hata kidogo, ukipita karibu utaziba masikio. Bubu ni karatasi.

Na karatasi ikiwa bubu tunapoteza nini hasa? Nitatoa mfano mmoja ambao wenzangu wa Historia tumeugusa darasani. Wahaya wa Kagera walikuwa wakiyeyusha chuma kwa teknolojia yao wenyewe kwa karne nyingi mno. Chuma cha bei rahisi kutoka Ulaya kikaja, tanuru zikazimwa. Kwenye miaka ya 1970 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, akawakuta wazee waliokuwa wamefanya kazi hiyo ujanani, nao wakajenga tanuru upya na kuyeyusha. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery wakachapisha matokeo kwenye jarida la Science, na dunia ikajua kwamba Waafrika walikuwa wakitoa chuma cha pua kwa njia zao tangu kale. Swali langu ni dogo tu. Wale wazee wangekuwa wamekufa miaka 10 kabla, tungejua nini? Tungebaki na vipande vya udongo na mabonge ya takataka za chuma. Magofu yanaonyesha kwamba kitu kilifanyika. Mikono ya mtu ndiyo inayoonyesha kilifanyika vipi.

Nyumbani Berega tuna historia iliyoandikwa, tusijidharau. Wamisionari wa CMS walikuwa Mamboya, jirani yetu, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1880, na mmoja wao, J. T. Last, alitoa kitabu cha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Hospitali yetu ya misheni inajulikana hadi ng'ambo. Reli ilifika Kilosa mwaka 1909 na imeandikiwa vitabu. Mashamba ya mkonge ya Kilosa yapo kwenye tasnifu za watu. Lakini mtu aliyechomelea bodi ya Land Rover ili ipande tena barabara ya vumbi kutoka lami ya Dodoma hadi hospitali, ikiwa na mama mjamzito nyuma, huyo hayumo popote. Na bila yeye gari lile lisingefika.

Kinachonifanya niandike leo na si mwakani ni hiki: Mjomba sasa anasikia kwa shida. Miaka zaidi ya 30 ya nyundo bila kuziba masikio imefanya kazi yake. Ule mlio wa palipojaa na palipo patupu, ambao ndio ulikuwa mwalimu wake, unamtoka. Anasema kiganja bado kipo. Vijana wake wawili ni hodari, lakini wanajifunza kwenye magari mengine kabisa. Bati la miaka ya 1970 lilikaribia unene wa milimita moja, la siku hizi ni jembamba zaidi, na vyuma vingine vya kisasa havitaki moto kabisa, ukivichoma vinapoteza nguvu. Mara nyingi ni nafuu kununua madigadi nzima iliyokatwa kwenye gari bovu kuliko kulipa siku tatu za nyundo. Siwalaumu vijana. Hata Wahaya hawakukosea kununua jembe la bei nafuu.

Najua wapo watakaosema VETA ipo, tena tangu sheria ya 1994, na fundi wa mtaani anaweza kupimwa akapewa cheti. Ni jambo zuri na ninaliunga mkono. Ila cheti kinasema huyu anaweza. Hakisemi alijifunza kwa nani, mwaka gani bati lilikuwa hakuna, alibuni nini lilipokosekana, wala kwa nini anaanzia pembeni na si katikati. Hayo ni maswali yetu sisi wa Historia.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Wajapani waliacha mibonyeo kwa sababu gari lile lilikwisha fanya kazi yake, sasa linatunzwa. Magari yetu bado yanatafuta riziki, na Mjomba yuko sahihi kuyanyoosha. Hatuwezi kuwaambia madereva wa teksi wahifadhi ajali zao kwa ajili ya wasomi. Tunachoweza ni kuandika kile ambacho nyundo inafuta. Likizo ijayo kila mmoja wetu anarudi kwao, na kila kwao kuna gereji bubu. Uliza mambo manne tu: ulijifunza kwa nani, zana zako ulizipata au ulizitengeneza vipi, kazi gani ilikushinda, na gari gani unalikumbuka. Andika jina la fundi kama atakubali, andika mwaka. Na tukienda kufundisha, tuwape wanafunzi wa kidato cha kwanza kazi hiyo hiyo badala ya kuwakaririsha sababu saba za kitu fulani.

Mimi nimeshaomba nafasi kwa Mjomba kwa wiki tatu. Amekubali, ila ametoa sharti. Hataki mtu wa kukaa kwenye ndoo na daftari akiuliza maswali. Nije na nguo za kazi, nishike lile pande la chuma kwa ndani wakati yeye anagonga kwa nje, na pale sikio lake linaposhindwa, mimi ndiye nimwambie mlio umebadilika.

Naomba kutoa hoja.